Kerisi, kalisi, mandau na dha: kuchagua silaha ya kuanzia katika Asia ya Kusini-Mashariki

Mtu anayeanza kuvutiwa na silaha za jadi za Asia ya Kusini-Mashariki hukabiliwa mapema na wingi wake. Zipo kerisi za Java, Bali na nchi za Wamalay. Zipo kalisi na barongi za Wamoro wa kusini mwa Ufilipino. Zipo mandau za Wadayak wa kisiwa cha Borneo. Na zipo dha za Burma, ambazo ndugu zake wa Thailand huitwa daabu. Kila moja ina wapenzi wanaoishikilia kuwa ndiyo kilele cha uhunzi wa Mashariki, na anayeuliza aanze na ipi hupata majibu mengi sawa na watu aliowauliza. Makala haya yanamlenga mtu huyo, awe anataka kusoma kwa kina utamaduni wa silaha mojawapo, au kununua kipande cha kwanza cha mkusanyiko wake, au kujifunza sanaa ya mapigano inayoitumia. Silaha zote nne zitapimwa kwa vigezo vilevile, kwa kuwa mtu akiipima kerisi kwa uzuri wa chuma chake na mandau kwa ukali wake, hajalinganisha chochote.

Vigezo

Kigezo cha kwanza ni ubapa na namna unavyofuliwa. Cha pili ni mpini na ala, yaani mavazi ya silaha, ambayo wanunuzi wengi huyapuuza ilhali wenyewe huyapa uzito mkubwa. Cha tatu ni maana: silaha ilimwakilisha nani, ilivaliwa lini, na leo inasimama wapi katika maisha ya watu wake. Cha nne ni utunzaji, kwa sababu chuma cha kale huharibika haraka mikononi mwa mtu asiyekijua. Cha tano ni upatikanaji pamoja na uhalali wa kumiliki, maana silaha nyingi za eneo hilo zilizo Ulaya na Marekani ziliondoka kwao kwa njia ya vita.

Mimi nashikilia kwamba vigezo viwili vya kwanza ndivyo mlango wa kile cha tatu. Namna msuka, yaani mkia wa ubapa, unavyoingia mpinini, upande ambao ubapa umenenepa, na jinsi ala ilivyofungwa, hayo ndiyo yanayotuonyesha watu walitaka nini kwa silaha yao. Anayekimbilia hekaya za nguvu za ajabu kabla ya kuutazama muundo huishia kuamini kila anachosimuliwa na muuzaji.

Ubapa na ufuaji

Ufuaji wa kerisi ndio wenye hatua nyingi kuliko wote, kwa hiyo tutaukalia zaidi. Mhunzi wake, aitwaye empu, hukunja na kuunganisha kwa moto na nyundo matabaka ya chuma cha kawaida na ya chuma chenye nikeli, kisha hulikata fungu hilo likawa mafungu mawili na kuyafanya kuwa kuta mbili, na katikati yake huchomeka bamba la pua ngumu ambalo ndilo litakalokuwa makali. Kutoka mwisho wa fungu hilohilo hukatwa kipande kidogo kinachotobolewa na kuvishwa kwenye msuka, kikawa tako pana la ubapa lililorefuka upande mmoja kuliko mwingine. Tako hilo lisilo na ulinganifu ndilo alama ya kwanza ya kerisi, kabla hata ya mikunjo ya ubapa, iliyo kama mawimbi, ambayo wageni huitazama zaidi. Ubapa ukishachongwa kwa tupa na patasi, huoshwa kwa maji ya ndimu yenye aseniki: chuma cha kawaida hugeuka cheusi, kile chenye nikeli hubaki na rangi ya fedha, na mchoro uliokuwa umejificha ndani ya matabaka hujitokeza. Mchoro huo huitwa pamori.

Pamori zina majina na tabia zake. Ipo ile iitwayo mchele uliomwagika, ambayo huhesabiwa kuwa imejitokeza yenyewe bila mhunzi kuilazimisha, na huhusishwa na riziki isiyokatika. Na ipo mvua ya dhahabu, yenye viduara vilivyopangwa kwa makusudi, ambayo wafanyabiashara waliipenda. Mwishoni mwa karne ya 18 vipande vya kimondo kilichoanguka karibu na Prambanan, huko Java, vilipelekwa kwenye kasri la Surakarta, na wahunzi wa kasri wakavitumia kwa nikeli yake. Pande kubwa lililosalia bado linahifadhiwa humo na hutajwa kwa jina la heshima, Kyai Pamor. Hata hivyo kerisi nyingi hazina hata chembe ya kimondo, na nikeli iliyotumika baadaye ilinunuliwa kutoka Ulaya, hivyo muuzaji anayedai kwamba kila kerisi yake imetokana na chuma kilichoshuka kutoka mbinguni anapaswa kuulizwa maswali zaidi. Kuhusu mikunjo, ambayo huitwa luki, idadi yake huwa ni witiri daima, na kerisi zilizonyooka bila mkunjo wowote ni nyingi mno na si duni kwa namna yoyote.

Kalisi ya Wamoro ni jamaa wa karibu wa kerisi, na tako lake lisilo na ulinganifu linaushuhudia ukoo huo, lakini imekua ikawa upanga kamili. Ubapa wake ni mpana, mrefu, mara nyingi wa sentimita 45 hadi 60, una makali pande zote mbili, na unakata sawasawa na unavyochoma, ilhali kerisi ya Java ni nyembamba, fupi kuliko hivyo, na imekusudiwa kuchoma tu. Katika kalisi za zamani tako ni kipande cha pekee kilichovishwa kama katika kerisi. Katika nyingi zilizofuliwa karne ya 20 ilipokwisha kusonga, tako na ubapa ni kitu kimoja na mpaka wake umechorwa kwa mstari tu, jambo linalomsaidia mkusanyaji kukisia umri. Ndugu yake wa visiwa vya Sulu, barongi, hana tako la namna hiyo. Ni ubapa wenye umbo la jani, makali upande mmoja, mgongo mnene na uzito unaosogea mbele, wa kukata kwa pigo moja la karibu.

Mandau inafikirisha kwa namna nyingine. Pande zake mbili hazifanani: upande mmoja umebonyea kidogo au ni tambarare, na wa pili umevimba. Kwa mtu wa mkono wa kulia, upande uliobonyea huwa kushoto, na kwa wa mkono wa kushoto mpangilio hugeuzwa, kwa hiyo mandau hufuliwa kwa ajili ya mkono wa mtu fulani na haimtumikii yeyote atakayeiokota. Umbo hilo huufanya ubapa uzame kwa kina unapokata mshazari na kuchomoka bila kukwama. Wakayan na Wakenyah wa mito ya juu ya Borneo walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma ya kwao wenyewe kwa tanuru ndogo na mivukuto, na sifa ya wahunzi wao ilienea hadi kwa makabila yasiyofua. Mgongoni, karibu na ncha, mandau nzuri huwa na vijino na vitundu vilivyokatwa kwa ustadi, na baadhi huwa na vitone vya shaba vilivyopachikwa ubapani.

Dha ndiyo yenye umbo jepesi kuliko zote. Ubapa una makali upande mmoja, unapinda taratibu, hauna kikinga mkono, na unaweza kuwa mfupi wa kisu cha shambani au mrefu wa upanga wa mikono miwili. Wahunzi wa Washan, watu wa vilima vya Burma, walisifiwa kwa bapa zinazonyumbulika bila kupinda moja kwa moja. Fahari ya dha za mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 ni njumu: ubapa ulitiwa weusi, kisha ukapambwa kwa fedha picha za visa vya maisha yaliyotangulia ya Buddha, kisa kizima kikisimuliwa kutoka mpinini hadi karibu na ncha. Hizo zilikuwa za zawadi na heshima, na katika uwanja wa mapambo ya fedha sijaona silaha nyingine ya eneo hilo inayozishinda.

Mpini na ala

Mpini wa kerisi ni mdogo, umeinama mbele, na haukugandishwa: msuka huviringwa kitambaa na kusukumwa ndani, ili mpini uweze kuvuliwa ubapa ukioshwa. Hilo linatufunza kwamba kerisi ya Java haikutarajiwa kupigana kwa mapigo mazito. Ala yake ina sehemu pana ya juu iliyochongwa kwa mti uliochaguliwa kwa mistari yake, na Surakarta huitambua ladrangi, yenye ncha zilizopinda kama jahazi, kuwa ya sherehe, na gayamani, iliyoviringana, kuwa ya siku za kawaida. Kwa hiyo ubapa mmoja unaweza kuwa na mavazi kadhaa, na mkusanyaji asishangae kukuta ubapa wa kale ndani ya ala ya juzi. Kwa wenyewe hilo si udanganyifu hata kidogo.

Kalisi inafuata hoja iliyo kinyume. Kwa kuwa ni ya kukata, vipande vya chuma, shaba au fedha hushika kingo za tako na kurudi hadi kwenye mpini, vikafungwa pamoja nao ili pigo lisiuzungushe ubapa mkononi. Mpini umezungushiwa uzi au waya wa fedha, na kichwa chake mara nyingi kinachongwa kwa umbo la ndege kakatua, kwa mti mgumu kwa mtu wa kawaida na kwa pembe ya ndovu kwa datu, yaani mkuu. Barongi nayo ina kakatua wake, ambaye katika silaha za wakuu hutanuliwa hadi kishungi chake kinazidi upana wa kiganja, juu ya shingo ya fedha.

Mpini wa mandau hutengenezwa kwa pembe ya kulungu, na hapa mchongaji huonyesha uwezo wake wote: nyuso, mizizi inayosokotana na mnyama wa hekaya aitwaye aso hujaa katika nafasi isiyozidi kiganja. Msuka hugandishwa kwa utomvu, shingo hufungwa kwa pete ya henzirani iliyosukwa, na nywele za mbuzi, ambazo zamani ziliweza kuwa za binadamu, hupachikwa kwenye mpini. Ala ni mbao mbili zilizofungwa kwa henzirani, na ubavuni mwake kuna mfuko wa ganda la mti wenye kisu kidogo cha mpini mrefu kwa kuchongea na kupasulia henzirani. Mandau bila kisu hicho haijakamilika, na vingi hupotea sokoni, kwa hiyo kukikuta ni jambo la kuongeza thamani. Dha ina mpini wa mviringo, mara nyingi ukiishia kwa umbo la kikonyo cha yungiyungi, msuka ukishikwa na lakiri. Ala yake ya mbao mbili hufungwa kwa henzirani au kufunikwa kwa fedha, na huning'inizwa begani kwa kamba nyekundu au ya rangi nyingine. Dha za Wakachin wa kaskazini mwa Burma zina ala iliyo wazi upande mmoja, ubapa ukionekana.

Maana kwa wenyewe

Kerisi imebeba mzigo mkubwa wa maana, na sehemu kubwa ya mzigo huo unahusu nasaba. Wajava wa zamani walihesabu vitu vitano vya mwanamume aliyekamilika: nyumba, mke, farasi, ndege wa kufugwa na kerisi. Iliyorithiwa huitwa pusaka, hupewa jina la heshima kama mzee wa ukoo, na wakati fulani ilikubalika hata imwakilishe bwana arusi wa daraja la juu asiyeweza kufika. Kwa wasomaji wa Oman na wa pwani ya Afrika Mashariki mfano wa karibu ni jambia, ambalo nalo huvaliwa kiunoni siku ya arusi na sikukuu kama tamko la heshima. UNESCO iliitangaza kerisi ya Indonesia kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005, na jambia la Oman likaingia katika orodha yake mwaka 2022. Tofauti ni kwamba Mjava huvaa kerisi mgongoni, mpini ukiwa nyuma yake, kwa adabu ya kutomwelekezea mwenzake silaha.

Kerisi huoshwa katika mwezi wa Sura, ambao ni Muharram: Sultan Agung wa Mataram aliiunganisha kalenda ya Kijava na mwaka wa Kiislamu mwaka 1633, na hadi leo makasri ya Surakarta na Yogyakarta huadhimisha mwezi huo kwa kuzisafisha pusaka zake. Simulizi nazo zinaogofya. Empu Gandring, yasema simulizi ya Java, aliuawa kwa kerisi aliyokuwa hajaimaliza na aliyeiagiza, Ken Arok, mwanzilishi wa ufalme wa Singasari wa mwaka 1222, na laana ya mhunzi ikafuata kiti hicho hadi ikamgeukia Ken Arok mwenyewe. Na historia iliyo karibu nasi ina uzito wake: Mwanamfalme Diponegoro, aliyepigana na Waholanzi tangu 1825 hadi alipokamatwa mwaka 1830, alikuwa na kerisi iitwayo Kyai Naga Siluman, nayo ikapelekwa Uholanzi na kubaki huko hadi iliporudishwa Indonesia mwaka 2020. Mwaka 2023 ikafuata kerisi ya Klungkung, ya ufalme wa Bali ambao nyumba yake ya kifalme iliangamia mwaka 1908 ikisonga mbele kuelekea bunduki za Waholanzi.

Kalisi na barongi ni kumbukumbu ya watu ambao Wahispania walipigana nao kwa karne tatu bila kuwatawala barabara. Ni silaha za Waislamu, na baadhi ya bapa zake zina maandishi ya Kiarabu ya dua, ambayo msomaji wa Kiswahili aliyepita madrasa anaweza kuyatambua kabla ya mkusanyaji wa Ulaya. Kalisi ilitangaza cheo cha datu. Barongi ilikuwa ya Mtausug, yaani Mmoro wa visiwa vya Sulu, kila siku, kiunoni mwake. Marekani ilipofika, mapambano yake na Wamoro yalichangia jeshi lake kurudia risasi nzito za bastola. Mwezi Machi 1906, katika mlima wa Bud Dajo huko Jolo, mamia ya Watausug waliuawa, wakiwemo wanawake na watoto, na silaha zilizookotwa katika vita vya namna hiyo zilibebwa na askari hadi makwao kama kumbukumbu. Anayenunua kalisi iliyotoka Marekani anapaswa kulijua hilo kabla ya kuitundika ukutani.

Mandau imefungamana na ngayau, uwindaji wa vichwa, na haifai kulikwepa jambo hilo wala kulikuza. Kichwa kilichotwaliwa kilikuwa na nafasi katika kumaliza msiba na kuleta rutuba, na mandau ilikuwa chombo cha ibada hiyo pamoja na vita. Mwaka 1894 wakuu wa makabila ya Wadayak walikutana Tumbang Anoi, katika Kalimantan ya Kati ya leo, kwa uenyeji wa Damang Batu, wakakubaliana kuacha kuwindana vichwa na kulipizana visasi. Tangu hapo mandau imehamia katika ngoma, ambamo mchezaji huishika pamoja na ngao akiwa amevaa manyoya ya hondohondo, na katika sherehe za kumpokea mgeni wa heshima. Maelezo ya kwamba vitone vya shaba ni hesabu ya vichwa hupendwa sana na wauzaji. Kipande hakithibitishi hilo kwa kutazamwa tu.

Dha haina utakatifu wa aina hiyo, na hapo ndipo uzuri wake ulipo. Katika vilima vya Washan na Wakachin ilifyeka msitu, ikajenga nyumba, ikachinja mnyama na ikapigana, bila kubadilishwa. Kwa Wathai daabu mbili mkononi ni sehemu ya sanaa ya mapigano ya krabi krabong, na shujaa wao Phraya Phichai anakumbukwa kwa jina la upanga uliovunjika, kwa sababu mwaka 1773 upanga wake ulikatika akipigana na Waburma naye akaendelea. Sanamu yake ipo Uttaradit. Upanga wa kutawazia wafalme wa Thailand, Phra Saeng Khan Chaisi, uliopatikana katika ziwa Tonle Sap la Kambodia mwishoni mwa karne ya 18 na kushikwa tena katika kutawazwa kwa mfalme mwaka 2019, una makali mawili na hauhesabiwi miongoni mwa daabu.

Utunzaji

Kerisi isipigwe msasa wala dawa ya kung'arishia shaba, kwa sababu pamori iko juu ya uso wa chuma na hufutika. Kuiosha upya kwa aseniki ni kazi ya fundi, na sumu hiyo haifai kuchezewa nyumbani. Mwenye kerisi hutosheka na kuifuta kwa kitambaa laini na kuipaka mafuta mepesi. Kalisi na barongi zinastahimili zaidi, ila kutu hujificha kati ya tako na ubapa. Mandau ndiyo inayodai uangalifu mwingi: nondo hula nywele, henzirani hukauka ikakatika, utomvu hupasuka, kwa hiyo chuma, pembe, ushanga na mti vinadai hali tofauti ndani ya kitu kimoja. Dha yenye njumu isisuguliwe ili fedha ing'ae, maana weusi wa ubapa ndio unaozifanya picha zionekane, na isiachwe juani kwa kuwa lakiri hulainika kwa joto.

Kwa wanaoishi Mombasa, Tanga au Unguja, hewa ya chumvi haisamehe: ubapa ukaguliwe mara kwa mara na usihifadhiwe ndani ya ala kwa miezi. Na kwa ala zote za mbao mbili, shika upande wa mgongo unapochomoa, usizungushe vidole kwenye maungio upande wa makali, kwa sababu ubapa mkali unaweza kupasua mafungo na kukata mkono.

Upatikanaji na uhalali

Kerisi mpya nzuri zinapatikana kuliko silaha nyingine yoyote kati ya hizi. Ufundi ulikuwa umedhoofika, lakini katika miaka ya 1970 Empu Djeno Harumbrodjo wa Yogyakarta aliurudisha hai, na leo kijiji cha Aeng Tong-tong, wilayani Sumenep katika kisiwa cha Madura, kina wahunzi wengi wa kerisi. Mandau mpya hufuliwa Kalimantan; zile za chuma hafifu kwa ajili ya watalii huitwa ambang, na hutambulikana kwa ubapa ulio sawa pande zote mbili. Daabu za kisasa hufuliwa Aranyik, katika mkoa wa Ayutthaya, na wahunzi ambao asili yao ni Vientiane, na dha za zamani zisizo na njumu hazigombaniwi sana. Kwa Wamaranao, kundi mojawapo la Wamoro, mji wa Tugaya kando ya ziwa Lanao bado unatengeneza kalisi na vyombo vya shaba, ingawa zilizo bora kwa kufuliwa ni za zamani.

Mipini ya pembe za ndovu ni tatizo la kisheria. Biashara ya kimataifa ya pembe hizo ilipigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, mwaka 1989, mwaka uleule Kenya ilipoteketeza hadharani akiba yake, na sheria za Kenya na Tanzania kuhusu pembe ni kali bila kujali kwamba kitu ni cha kale. Kalisi yenye kakatua wa pembe ya ndovu isisafirishwe kuja Afrika Mashariki bila ushauri wa mamlaka husika, na manyoya au kichwa cha hondohondo kwenye mandau nayo yaulizwe. Zaidi ya hayo, kila nchi ina kanuni zake za kuingiza silaha zenye makali.

Nani aanze na ipi

Anayependa kusoma, mwenye subira ya kujifunza majina ya sehemu, maumbo na pamori, na asiyehitaji kushika silaha ili aifurahie, aanze na kerisi, kwa kuwa hakuna nyingine yenye maandishi, wataalamu na mafundi hai wengi kama hiyo; na akiwa na uwezo anunue mpya kutoka kwa mhunzi anayejulikana badala ya ya zamani yenye asili ya mashaka. Anayevutiwa na historia ya Uislamu katika bahari za Mashariki, au anayesoma Kiarabu, atapata katika kalisi mambo ambayo wengine hawayaoni, mradi awe tayari kuuliza kipande kilitokea wapi na kuacha kununua asipojibiwa. Anayependa uchongaji kuliko uhunzi, na aliye na mahali pakavu pa kuhifadhia, atafurahishwa na mandau. Aliye na nyumba yenye unyevu ajitosheleze na kuzitazama makumbushoni.

Mwanafunzi wa sanaa ya mapigano achague kulingana na mwalimu aliye karibu naye: silat ya Kimalay itamfikisha kwenye kerisi, krabi krabong kwenye daabu, na katika mazoezi yote atumie ya mti au butu, ya kale ikae pembeni. Mwenye bajeti ndogo anayetaka kipande halisi cha zamani chenye maisha ya kazi ndani yake atatendewa haki na dha ya kawaida ya Washan kuliko na kerisi rahisi ya dukani.

Na aliyekwisha kurithi au kupewa kipande asichokijua asikisafishe kwanza. Apige picha ubapa pande zote mbili, tako, mgongo karibu na ncha, kichwa cha mpini na ala, apime urefu, aandike kila alichosimuliwa na aliyempa, kisha awasiliane na jumba la makumbusho lenye mkusanyiko wa eneo hilo, kama Museum Keris Nusantara la Surakarta lililofunguliwa mwaka 2017 au Wereldmuseum la Leiden, kabla ya kuamua kukiweka, kukiuza au kukirudisha kilikotoka.